Printa ya wino imeziba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Printa nyingi za wino zinazofika mezani kwangu zikiwa "zimekufa" huja na hadithi ileile. Imekaa kabatini miezi mitatu. Siku ilipohitajika ikatoa karatasi yenye michirizi myeupe katikati ya maandishi. Mwenyewe akabonyeza kitufe cha kusafisha, akabonyeza tena, akafika mara ya kumi, na sasa haitoi chochote. Ule wino uliokauka ulikuwa ugonjwa wa kutibika kwa usiku mmoja. Zile mara kumi ndizo zilizomlaza mgonjwa kitandani. Ndiyo maana hapa tunaanza na vipimo, dawa baadaye.

Nitajuaje kama imeziba kweli, au wino umekwisha tu?

Usiguse kitu kabla ya kuchapa karatasi ya kukagua vitundu. Iko kwenye menyu ya matengenezo, ya printa yenyewe au ya programu yake kwenye kompyuta, na mara nyingi imeandikwa "Nozzle Check". Utapata visanduku vya mistari mifupi mifupi, kila rangi na kisanduku chake: nyeusi, samawati, majenta, njano. Kila kimstari kina vitundu vyake vinavyokichora, hivyo palipo na pengo pana kitundu kisichotema wino.

Chapa karatasi hiyo mara mbili mfululizo, bila kusafisha chochote katikati. Ziandike 1 na 2 pembeni, zipandanishe, uziinue dirishani mwanga upite. Mapengo yakiangukiana palepale kwenye zote mbili, huo ni wino uliokauka. Yakihama, leo majenta imekatika juu na dakika mbili baadaye imekatika chini, hakuna kilichoganda: kuna hewa kwenye njia, au wino haushuki vizuri. Hewa haitibiwi kwa kulowekwa. Hutibiwa kwa kuiacha printa itulie usiku kucha ili viputo vipande juu vyenyewe. Nimeona watu wakiloweka hewa wiki nzima.

Mistari ikianza mizima juu kisha ikafifia kadiri inavyoshuka, katriji, yaani kile kikopo cha wino, inakaribia kwisha au inakosa pumzi. Juu ya katriji pana tundu dogo la kuingiza hewa, na mara nyingine kile kipande cha utepe kinacholifunika hakikubanduliwa siku ya kuiweka. Rangi nzima ikikosekana, anza na mambo hayo mepesi pia. Na kama karatasi ya ukaguzi imetoka safi kabisa lakini picha zako ni mbovu, vitundu havina kosa. Angalia aina ya karatasi uliyochagua kwenye mipangilio, na kama hukuiacha kwenye ile hali ya kubana wino.

Njano husumbua macho kwenye karatasi nyeupe. Zima taa, fungua picha ya bluu tupu kwenye simu, umulike karatasi kwa kioo hicho. Mistari ya njano itaonekana kama imechorwa kwa wino mweusi.

Kwa nini hasa inaziba?

Kitundu kimoja kina upana wa maikromita 20 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Tone linalotoka hupimwa kwa pikolita, na pikolita moja ni sehemu ya trilioni ya lita. Wino wenyewe kwa kiasi kikubwa ni maji, pamoja na rangi na vimiminika vya jamii ya gliserini vinavyochelewesha kukauka. Maji yakishapaa, kinachobaki kwenye mdomo wa kitundu ni utando mzito kama asali, na baadaye gamba.

Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Huo ukikauka na ukaupa maji tena, huregea. Kuna mwingine wenye chembe za rangi zinazoelea, kama vumbi la chaki kwenye ndoo ya maji. Huo ukikauka, chembe hushikana na kuwa sugu. Wino mweusi wa maandishi kwenye printa nyingi za nyumbani ni wa namna hii ya pili, ndiyo maana mara nyingi rangi zote huamka mapema na nyeusi ikabaki inakuhangaisha.

Kichwa cha printa kiko wapi kwenye mashine yangu?

Kichwa ndicho kile kipande chenye vitundu vinavyotema wino, na swali hili ndilo linaloamua kazi yote iliyobaki. Toa katriji, uigeuze. Ukiona kibamba kidogo kinachong'aa chenye safu za nukta ndogo mno, na ubavuni kuna utepe mpana wenye alama nyingi za shaba, basi kichwa kimo kwenye katriji yenyewe. Una bahati: ukishindwa kabisa, unanunua katriji mpya na printa inapata kichwa kipya. Ukiona tu shimo la kutolea wino na chipu ndogo yenye vidoti vichache vya rangi ya dhahabu, kichwa kimo ndani ya printa. Printa zenye matangi ya kumiminia wino nyingi nazo ziko hivyo. Baadhi ya vichwa vya ndani hutoka kwa kuinua wenzo. Vingine vimefungwa kwa skrubu na si vya kuvigusa kwa mara ya kwanza.

Namna kichwa kinavyotema wino nayo ina maana yake. Printa za Canon na HP za nyumbani hutumia joto: kipasha-joto kidogo huchemsha wino kwa kufumba na kufumbua, kiputo kinavimba, tone linasukumwa nje. Wazo hilo lilizaliwa Canon mwaka 1977, chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano ya sirinji yenye wino na wino ukaruka. Epson na Brother hutumia kristali inayojikunja ikipewa umeme. Kwa msafishaji, tofauti ni hii: kipasha-joto hupozwa na wino unaopita. Ukiendelea kuchapa rangi iliyokwisha, kinapasha hewa tupu mpaka kinaungua, na kilichoungua hakifufuki kwa maji.

Kile kitufe cha kusafisha nibonyeze mara ngapi?

Mara mbili, tatu ukizidisha, na kila baada ya mara moja uchape karatasi ya ukaguzi ulinganishe. Mapengo yakipungua, endelea mara moja zaidi. Yasipopungua, zima kwa kitufe cha printa ulale. Jaribu tena asubuhi. Mara nyingi usiku unafanya kazi ambayo pampu imeshindwa.

Sababu ya ubahili huu ni kwamba kusafisha ni kunyonya. Pampu ndogo hufyonza wino kutoka kwenye vitundu vyote, vilivyoziba na visivyoziba, ikaumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa. Palipoganda hapapiti kitu, palipo wazi wino unamwagika bure. Ukirudia mfululizo, wino hauwahi kujaza njia, hewa inaingia, na sasa una magonjwa mawili. Ile hali ya kusafisha kwa nguvu inayopatikana kwenye baadhi ya printa za matangi humaliza wino mwingi mno kwa mkupuo mmoja. Iwe ya mwisho, na matangi yawe yamejaa vya kutosha.

Katriji yangu ina kichwa chake. Niizibueje?

Chukua kisahani kisichozama sana. Kunja karatasi laini ya jikoni isiyochanika, itandike ndani, mimina maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji) mpaka yafunike karatasi kwa milimita mbili tatu. Simamisha katriji vitundu vikiwa chini, ukiangalia maji yasipande mpaka kwenye shaba. Iache dakika tano hadi kumi. Kama ni wino mweusi uliolala miezi, iache saa nzima, ukibadilisha maji yakishachafuka.

Utaona wino unatambaa kwenye karatasi kama moshi. Hiyo ni dalili njema lakini isikudanganye. Huo unaweza kuwa wino wa juujuu tu. Toa katriji, kunja karatasi nyingine kavu mara nne, iweke mezani, ubandike vitundu juu yake kwa sekunde tatu bila kusugua. Inua, bandika pengine. Alama ya kwanza itakuwa doa la kahawia lisilo na maana, rangi zote zimechanganyika. Ya pili na ya tatu ndizo zinazosema: katriji ya rangi tatu iliyozibuka huacha mistari mitatu iliyotengana, samawati, majenta na njano, kila mmoja na kingo zake. Mmoja ukiwa mwembamba au umekatika katikati, rudi kwenye kisahani. Katriji nyeusi huacha mstari mmoja. Nao uwe mzima toka mwanzo mpaka mwisho.

Futa shaba kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, subiri dakika kadhaa unyevu uishe, kisha rudisha. Unyevu kwenye shaba unaweza kuleta shoti, na ujumbe wa printa utakuambia katriji haitambuliki, uanze kuhangaika na tatizo ambalo halikuwapo.

Na kama kichwa kimo ndani ya printa?

Anzia chini, mahali kichwa kinapolala. Upande mmoja, mara nyingi kulia, pana kitanda cha mpira chenye sponji ndogo ndani, na kando yake pana wipa ndogo ya mpira. Kitanda hicho ndicho kinachofunika vitundu visikauke, na ndicho pampu inachonyonyea. Kingo zake zikiwa na magamba ya wino, pampu inavuta hewa badala ya wino, na hakuna usafishaji utakaofaa. Printa kadhaa nimezirudishia uhai kwa kufuta mpira huo tu.

Kukifikia: iamuru printa kama unayetaka kubadilisha katriji, au anza kuchapa, na kichwa kikishaondoka kwenye kitanda chake chomoa waya wa umeme. Sasa kichwa kinasogea kwa mkono, polepole. Kisipokubali, usikishurutishe. Futa kingo za mpira na ile wipa kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo. Kisha kwa sirinji tonesha maji yaliyokenekwa au dawa ya kusafishia ndani ya kile kitanda mpaka kikaribie kujaa, usikifurishe. Rudisha kichwa kilale juu yake, acha waya umechomolewa, nenda kalale. Mvuke na maji vitafanya kazi kutoka chini, bila kusukuma wala kuchokonoa. Asubuhi washa, safisha mara moja, kagua.

Ikigoma, kuna njia ya pili: kata utepe wa karatasi laini, ukunje, uloweshe kwa dawa, uutandike kwenye njia ya kichwa, kisha sogeza kichwa kisimame juu yake saa chache. Andika kikaratasi ubandike juu ya kitufe cha kuwashia: "UTEPE UMO NDANI". Niliwahi kupuuza jambo hilo. Nikawasha, kichwa kikauburuta utepe mpaka mwisho wa reli, kikajikwaa, na jioni yote nikawa natoa vinyweleo vya karatasi kwa kibano.

Njia ya tatu ni sirinji yenye kimrija laini, unayoichomeka juu ya mlango wa kuingizia wino baada ya kutoa katriji, na kusukuma dawa kutoka juu. Inafanya kazi, na pia ndiyo inayoua vichwa vingi. Mililita moja, kwa kidole kimoja, ukiruhusu sirinji ijishushe karibu yenyewe. Mara ya kwanza nilisukuma kama ninayejaza pampu ya baiskeli. Ukinzani ukaachia ghafla, nikafurahi. Kumbe nilikuwa nimepasua kizuizi cha ndani, na tangu siku hiyo njano ikawa inatoka kijani. Kukiwa na ukinzani, toa shinikizo, loweka zaidi.

Nitumie maji gani, dawa gani?

Maji yaliyokenekwa yanatosha kwa kesi nyingi. Ya bomba yana chumvi na chokaa zitakazobaki kwenye vitundu yakikauka. Maji ya betri yanafaa mradi chupa iseme wazi ni maji. Ipo inayofanana nayo yenye asidi ndani, na hiyo usiikaribie.

Dawa za kusafishia vichwa zinazouzwa tayari ni nzuri kwa wino wa chembe. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia wengi huitumia, na huregeza wino sugu kweli, lakini watengenezaji wa printa hawaipendekezi. Mimi huichanganya na maji nusu kwa nusu na huijaribu tu maji yakishashindwa. Usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, hutoa gesi ya sumu. Spiriti ya aisopropili nayo inasifiwa sana. Naiogopa kidogo: wino mwingine wa chembe huganda zaidi ukikutana nayo, na inaweza kuregeza gundi zilizoshikilia kichwa. Itumie kwenye shaba na kwenye chuma. Thina, asetoni na petroli ni za mafundi rangi.

Nikichokonoa na sindano?

Hapana. Hakuna sindano uliyonayo inayoingia kwenye maikromita 20 bila kuzigeuza kuwa 200.

Vitundu vyote vinatema, lakini maandishi yana kivuli.

Kichwa kimehama kidogo wakati wa kukihangaikia. Fanya ulinganishaji kutoka kwenye menyu ileile ya matengenezo. Kivuli kikibaki, au kichwa kikigonga ukutani kwa kishindo wakati wa kuwaka, tazama utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya kichwa toka kushoto hadi kulia. Una mistari midogo sana ambayo kihisi huisoma ili kujua kichwa kiko wapi. Tone moja la wino au grisi juu yake na kichwa kinapotea njia. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, ukiushika taratibu usiruke kwenye ndoano zake, na ukiurudisha angalia usiugeuze.

Karatasi haivutwi, au zinavutwa tatu kwa pamoja.

Hiyo haihusiani na wino, ingawa huja pamoja na printa iliyokaa. Rola za mpira zimejaa vumbi la karatasi. Zizungushe huku ukizifuta kwa kitambaa chenye unyevu, ziache zikauke. Karatasi nazo zipepee kabla ya kuziweka.

Wino wa kujazia ndio unaoziba?

Si lazima. Nimeona wino wa bei ndogo ukichapa miaka, na wa mtengenezaji ukiganda kwa sababu hakuna aliyechapa. Linaloharibu kweli ni kumimina wino wa chembe kwenye printa iliyotengenezewa wino wa kuyeyuka, au kuchanganya wino wa makampuni mawili ndani ya tangi moja. Kemikali zao zikikataana, hugandana humohumo ndani ambako hakuna karatasi ya kulowekea. Ukibadilisha, badilisha ukijua ni wa aina ileile, na ujaze polepole ili usiingize povu.

Imesema sponji ya wino taka imejaa. Ni nini?

Ni ile sponji inayopokea wino wa kila usafishaji. Printa haiipimi kwa macho. Huhesabu mara ilizosafisha, na hesabu ikitimia hukataa kuchapa. Baadhi ya printa zina kisanduku kinachotoka kwa skrubu moja, unanunua kingine. Nyingine sponji imo ndani kabisa na hesabu hurudishwa kwa programu. Ukirudisha hesabu bila kubadilisha sponji, siku moja wino utapita chini mpaka mezani.

Nifanye nini isizibe tena?

Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama ni picha ndogo ya ukubwa wa kiganja. Zima kwa kitufe cha printa yenyewe, usubiri ikae kimya, ndipo uguse soketi. Ukikata umeme ukutani kichwa kikiwa katikati ya safari, hakijalala kitandani kwake; vitundu vinabaki wazi usiku kucha. Usiiweke panapopigwa na jua. Katriji usizitoe ukaziacha mezani "ili zisikauke", kwani ndani ya printa ndiko zinakofunikwa.

Nimeloweka mara tatu na rangi moja bado haitoki. Niache?

Rudia ule mtihani wa karatasi kavu iliyokunjwa. Kichwa kikiwa kwenye katriji, bandika vitundu. Kikiwa ndani, kiache kisimame juu ya karatasi hiyo dakika moja. Rangi isipoacha alama, bado imeziba, na kulowekwa usiku mwingine kunaweza kusaidia. Ikiacha alama nzuri, nzito, yenye kingo, lakini kwenye karatasi ya ukaguzi kisanduku chake kikabaki kitupu, basi njia iko wazi na kilichokufa ni umeme: kipasha-joto kimeungua, kristali imekufa, au shaba haigusi. Futa shaba pande zote mbili, za katriji na za printa, jaribu mara moja. Kikibaki kitupu, kausha kisahani chako uulizie bei ya katriji, au ya kichwa, ukiilinganisha na ya printa nyingine.